Dada anataka jino la Uswisi, mume anasema la Korea linatosha

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Mtwara mjini, nina miaka 43 na watoto watatu. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani, maana suala lenyewe ni la jino, na nyumbani kwetu siku hizi ukitamka neno jino lazima kuna mtu atanuna.

Miezi 14 iliyopita tulianguka na pikipiki barabara ya Mikindani. Lori lilikuwa limemwaga mchanga kwenye kona, tairi la mbele likateleza. Aliyekuwa anaendesha ni mume wangu. Yeye alichubuka magoti na kiwiko, mimi nikaangukia mdomo. Jino la mbele la juu, upande wa kulia, lilivunjikia kwenye fizi na mzizi ukang'olewa wiki ile ile. Lile la pembeni yake lilimeguka ncha tu. Haliumi, ila naona linabadilika rangi, limekuwa kijivu kama shati jeupe lililofuliwa pamoja na soksi nyeusi.

Nilitengenezewa jino la kuvaa, lile la plastiki lenye kipande cha rangi ya fizi kinachokaa kwenye kaakaa. Sasa Shangazi, kazi yangu ni silabi. Ba be bi bo bu mtu anaweza kuitamka hata kwa fizi tupu. Ikifika fa fe fi fo fu, meno ya juu lazima yaguse mdomo wa chini, na hapo ndipo plastiki inapolegea. Mwezi wa tisa nilikuwa ubaoni, watoto 87 wananitazama mdomo kwa sababu mimi mwenyewe nimewaambia watazame mdomo. Nikasema "fu", jino likaruka likatua kwenye dawati la mbele. Mtoto mmoja akaliokota, akalifuta kwa sketi yake, akaniletea kwa mikono miwili kama walivyofundishwa kumpa mkubwa kitu. "Mwalimu, jino lako." Darasa halikucheka. Bora wangecheka. Walinionea huruma, watoto wa miaka sita! Wiki iliyofuata plastiki ikapata ufa, nikaiunga kwa supaglu, na ndiyo ninayovaa mpaka leo.

Nimeamua kupandikiza jino, ile wanayoiita implanti: skrubu inaingia kwenye mfupa wa taya, jino linakaa juu yake. Bima yangu, nimeambiwa dirishani, haigusi mambo hayo, kwa hiyo ni pesa ya mfukoni. Kuna daktari wa meno anayekuja kwenye kliniki moja binafsi hapa mjini kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi akitokea Dar es Salaam. Yeye anatumia skrubu za Osstem, za Korea Kusini. Ameniambia 2,100,000 mpaka jino likae. Dada yangu mkubwa anaishi Tabata, huko huko Dar. Alipandikizwa gego mwaka 2019, la Straumann ya Uswisi, na mpaka leo anatafunia mifupa ya kuku. Kliniki yake nilipoipigia simu wakasema 3,900,000.

Dada anasema mdomo si sufuria, ununue ya bei poa ikitoboka ubadilishe. Yuko tayari kuongeza 1,800,000 nipate la Uswisi. Mume wangu ana mikorosho Tandahimba, malipo ya mnada wa mwisho yameingia, na kwenye pesa hiyo ametenga milioni mbili na laki moja za jino. Nyingine yote ni ya bati za nyumba yetu ya Naliendele. Nilipomtajia pesa ya dada alisema, "Mke wangu hatengenezewi mdomo na pesa ya shemeji," akatoka nje, akaenda kuosha pikipiki usiku. Dada akanipa akili: nimwambie kliniki ya Dar imenipa punguzo. Mimi naona kwa mume wangu bati ni muhimu kuliko mdomo wangu, lakini hiyo ya punguzo pia inanitia woga.

Wakati huo mwalimu mwenzangu kila siku ananirushia WhatsApp matangazo ya implanti: Nobel Biocare, Neodent, za Uturuki, za India. Nimechora jedwali kwenye daftari la andalio la somo: jina, nchi, bei, dhamana. Nyingine zimeandikwa dhamana ya maisha. Nimelinganisha mpaka kichwa kinauma, na pesa ya korosho unaijua, ukizubaa haipo.

Afya yangu ni nzuri. Mwaka jana tu walinipima wakasema sukari imepanda kidogo, nipunguze wanga na chai tamu. Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, ila hiyo ni kawaida.

Naomba uniambie kampuni ipi ni bora. Nikichukua ya Korea nitajuta? Nikichukua ya Uswisi nitakuwa nimemdhalilisha mume wangu? Nimechoka kuzungumza nimeweka kiganja mdomoni. Nataka niseme fu.

Mwalimu wa Fa Fe Fi, Mtwara

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama mbele ya kioo nikasema fa fe fi fo fu kama mwanafunzi wako. Ni kweli, jino la juu linashuka kuutafuta mdomo wa chini. Miaka yote hii sikuwahi kuligundua hilo, na mimi kabla ya kazi hii ya kujibu barua nilikuwa msaidizi kwenye kliniki ya meno kwa miaka 19. Si daktari. Nilikuwa nashika mpira wa kunyonya mate, naosha vyuma, naita majina dirishani. Lakini ukikaa miaka 19 nyuma ya bega la daktari, yapo unayoyaona.

Ulichoniuliza ni kampuni ipi bora. Nilivyokusoma mimi, barua yako imebeba mambo matatu yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja: skrubu gani iingie kwenye taya lako, mdomo wako uko tayari kuipokea au la, na nani awe amelipa siku utakaposema "fu" na jino likabaki mahali pake. La kwanza ndilo umelichorea jedwali. Hayo mawili mengine umeyataja kama mtu anayepita njia.

Tuanze na jedwali, maana umelifanyia kazi.

Safu ya "nchi" naona inakutisha kuliko inavyostahili. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa anachunguza damu inavyotembea ndani ya mifupa ya sungura, akatumia vichuma vya titani. Alipotaka kuvitoa vikagoma, mfupa ulikuwa umevishika ukavifanya vyake. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, na bwana yule aliishi na skrubu zake zaidi ya miaka 40, mpaka alipofariki 2006. Kazi kubwa, mwanangu, inafanywa na titani na mfupa wako. Walichoongeza watengenezaji wa baadaye ni umbo, namna vipande vinavyoungana, na uso wa skrubu, ambao siku hizi hupigwa mchanga na kulishwa tindikali ili uwe na mikwaruzo ambayo mfupa unaiparamia upesi. Straumann wanafanya hivyo. Osstem nao wanafanya hivyo.

Na hizo nchi zenyewe zimechanganyika. Neodent ya Brazili iliyomo kwenye jedwali lako, mwenye mali tangu 2015 ni Straumann. Nobel Biocare iliyotokana na kazi ya yule bwana wa Sweden, leo mmiliki wake ni kampuni ya Marekani. Kwa hiyo dada akisema "la Uswisi", muulize kwa upole, Uswisi ipi?

Lakini sitaki nikupeleke upande wa pili nikuambie zote ni sawa. Si sawa. Straumann ilianza 1954, wakati huo ikishughulika na metali za kutengenezea saa, na kwenye meno ina miongo ya wagonjwa waliofuatiliwa na matokeo yao kuandikwa. Osstem ilianza 1997, nayo ina wagonjwa wengi na tafiti zake, ila historia yake ni fupi zaidi. Sehemu ya bei ya juu ni historia hiyo unayoinunua. Baadhi ya majina uliyorushiwa kwenye WhatsApp hayana historia yoyote, yana tangazo tu. Pengo kati ya hao na Osstem mimi naliona kubwa kuliko pengo la Osstem na Straumann. Na hiyo dhamana ya maisha, soma maandishi yake madogo: kwa kawaida kampuni inarudisha skrubu kwa daktari. Hairudishi pesa ya upasuaji, wala nauli yako, wala siku ulizokosa darasani.

Kwa jumla implanti ni kitu kinachodumu. Wagonjwa wakifuatiliwa miaka 10, zaidi ya skrubu 9 kati ya 10 huwa bado zimo mdomoni. Zile zinazotoka, nilizoziona mimi, chanzo kilikuwa sigara, sukari, fizi chafu, mfupa haba, au mkono wa aliyeweka. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakonde wa Newala, alichongwa meno ya mbele akiwa msichana. Hakuna aliyeuliza patasi ni ya wapi. Waliuliza sana mchongaji ni nani, na amekwisha kuwachonga akina nani, na wako wapi tuwaone wakicheka.

Sasa nikuongezee safu moja kwenye jedwali lako. Iite bisibisi.

Jino la kupandikiza ni vipande vitatu: skrubu iliyo ndani ya mfupa, kiungo kinachokaa juu yake, na jino lenyewe linaloonekana. Vipande hivyo vinabanwa pamoja kwa kiskrubu kidogo kama kile cha kwenye miwani, na kila kampuni ina tundu lake na bisibisi yake. Siku moja alikuja mzee aliyepandikizwa nje ya nchi, jino linacheza. Kazi ya dakika kumi, kukaza tu. Daktari akajaribu bisibisi ya kwanza, ikaingia ikazunguka bure. Ya pili haikuingia. Ya tatu alianza kuzungusha akasimama, akasema akiendelea atakula tundu na hapo hata mwenye bisibisi yake hataweza. Mzee hakuwa na kadi, hakuwa na jina la kampuni, alikumbuka tu kwamba daktari alikuwa mrefu. Tukampiga picha, picha ikatumwa kwa madaktari wengine waitambue kwa umbo, na mzee akala uji wiki tano kwa sababu ya kitu cha kukaza.

Ukinunua pikipiki huku kwetu unauliza kwanza spea zinapatikana wapi. Hilo mumeo angekueleza vizuri kuliko mimi. Basi muulize daktari wa Jumamosi: ukiacha kuja Mtwara, nani mwingine ana vifaa vya Osstem hapa au Lindi? Maana kama yeye ndiye bisibisi pekee, siku akihama, Korea yako itakuwa mbali sawasawa na Uswisi ya dada. Na waulize wa Dar vivyo hivyo: jino likilegea katikati ya muhula, kuna mtu wa huku watakayeelewana naye, au ni kupanda basi kilomita zaidi ya 500 kwenda kukazwa dakika kumi?

Popote utakapokwenda, pakiti ya skrubu ifunguliwe mbele yako. Ndani au juu yake kuna vibandiko vyenye jina, kipimo na namba ya toleo. Kimoja kinabaki kwenye faili lao, kimoja kibandikwe kwenye kadi yako, uitunze pamoja na vyeti vyako vya ualimu. Uliza pia kama kifaa hicho kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kama daktari yumo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Daktari mzuri hakasiriki ukiuliza hayo. Anayekasirika amekujibu.

Sasa niende kwenye yale uliyopita ukiyakanyaga.

Jino la kijivu. Mwanangu, jino linalobadilika rangi hivyo baada ya kugongwa, mara nyingi mshipa wake wa ndani umekufa. Linaweza kunyamaza miaka mingi huku uchafu unajikusanya kwenye ncha ya mzizi. Kutouma kwake kusikufariji. Ukipanda skrubu mpya ya bei yoyote jirani na mzizi wenye usaha, umejenga nyumba karibu na choo kinachovuja. Sijui kama daktari wa Jumamosi alilitazama hilo, maana kwenye barua hujaniambia kama umepigwa picha. Wale wa Dar najua hawajalitazama, umeniambia mwenyewe: ulipiga simu.

Miezi 14. Mfupa wa taya unakaa pale kwa sababu ya jino. Jino likiondoka, ule ukingo unaanza kusinyaa, hasa miezi ya mwanzo, na mbele hapo juu mfupa wenyewe huwa mwembamba tangu awali. Huenda wako umebaki wa kutosha. Huenda umekonda kiasi kwamba itabidi uongezewe mfupa kwanza, usubiri miezi, ndipo skrubu iingie. Hiyo 2,100,000 ina kuongeza mfupa ndani yake? Hiyo 3,900,000 je? Kama jibu ni hapana kwa zote mbili, basi bei unazolinganisha bado si bei.

Hapo hapo nikuambie kwa nini gego la dada si kipimo. Gego linakaa nyuma gizani, mradi linatafuna hakuna anayelikagua. Jino la mbele linatazamwa na watoto 87. Fizi ikikaa milimita moja juu kuliko ya jirani, utaiona kila ukicheka. Hilo ni suala la mkono na jicho la daktari na la fundi wa maabara atakayechonga jino, na kampuni haiwezi kukusaidia sana. Kila upande waombe wakuonyeshe picha za meno ya mbele waliyofanya wao wenyewe, yakiwa na miaka miwili mitatu mdomoni. Na dada mwambie aache mifupa ya kuku. Jino lililopandikizwa halina ule utando wenye hisia unaozunguka mzizi wa kawaida. Likilemewa halipigi kelele, linavunjika tu.

Sukari "imepanda kidogo" na damu ya fizi "ya kawaida" ni ndugu wa baba mmoja. Damu kwenye mswaki si kawaida, ni fizi iliyovimba, na sukari ikiwa juu fizi haziponi vizuri wala mfupa haushiki titani vizuri. Sisemi huwezi kupandikizwa. Wenye kisukari kilichotulia wanapandikizwa na wanadumu. Lakini omba kile kipimo cha sukari kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, usafishwe meno, fizi zitulie, kisha mzungumze. Nimeona skrubu ya bei mbaya ikichomoka kama msumari kwenye udongo mbichi kwa sababu mwenyewe alificha kwamba ana sukari.

Na umeamua kupandikiza kana kwamba njia ni hiyo moja. Liko daraja la kubandika: jino lenye bawa jembamba linalogundishwa nyuma ya jino zima la jirani, kwako lingeweza kuwa lile la kushoto, bila skrubu na kwa kusagwa kidogo sana au kutosagwa kabisa. Gundi yake inaweza kuachia siku moja, likarudishwa. Wengine wanakaa nalo miaka mingi, wengine wanalitumia kusubiri pesa na sukari vikae sawa. Liko pia daraja la kawaida, ambalo linadai meno ya jirani yasagwe. Kwa jino zima ni hasara, ila hilo la kijivu pengine litahitaji kuvikwa kofia hata hivyo, hivyo hesabu inabadilika, ingawa jino lililokufa si nguzo ya kutegemea sana. Liko na jino jipya la kuvaa lenye vikulabu vya waya vinavyoshika magego, ambalo "fu" yako ingelivumilia. Lolote kati ya hayo lina mtu linalomfaa. Sijui kama ni wewe. Daktari aliyetazama picha ya taya lako ndiye anayeweza kukuambia lipi limekataliwa na mdomo wenyewe, halafu yanayobaki uchague.

Nimekaa sana kwenye skrubu. Sasa mumeo.

Umeandika sentensi moja fupi, "Aliyekuwa anaendesha ni mume wangu," kisha ukaivuka haraka ukaenda kwenye magoti yake. Mimi nilikwama hapo. Unasema kwake bati ni muhimu kuliko mdomo wako. Lakini mtu huyo, pesa ilipoingia, kabla ya bati ametenga milioni mbili na laki moja za jino. Na ulipomwambia dada atamalizia, hakugomba kuhusu bati. Alitoka akaenda kuosha ile pikipiki, usiku. Simjui mumeo, naweza kuwa nakosea kabisa. Ila najiuliza kama anachokikataa ni pesa ya shemeji, au ni kunyang'anywa nafasi ya kulirudisha jino alilolivunja yeye. Tangu siku ile mmewahi kuizungumza ajali yenyewe, nyinyi wawili, bila kutaja hospitali wala gharama? Hukuniambia, na sikulazimishi.

Kama ni hivyo, huenda kuna swali la kumuuliza lisilohusu Korea wala Uswisi. Kwamba aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi akae na wewe kwenye kiti cha pili, aione picha, amsikie daktari akisema mfupa upo au haupo. Mwanamume akiona pengo kwenye picha, mara nyingine ubishi wa majina unaisha. Mara nyingine anazidi kunyamaza, maana ndiyo kwanza ameona alichofanya. Hilo nalo uwe umelitarajia.

Dada anakupenda, na mfano wake wa sufuria nimeucheka. Pesa yake ina uzito wake, hasa ikiwa ni ya zawadi. Wapo ndugu wanaotoa wakasahau, na wapo wanaotoa, halafu kila Idi wanakuambia ucheke waone. Wewe ndiye unayemjua wako yuko kundi gani. Hilo la "punguzo la kliniki" naelewa kwa nini linakuvutia, linawaokoa wote watatu na mazungumzo magumu. Hatari yake ni kwamba jino litakuwa usoni pako, na mumeo anakutazama uso kila siku. Ikija kutoka, na siri ya ndugu wawili huwa inatoka, pengine kwenye msiba, atakachokuwa amekipoteza si milioni moja na laki nane. Na kama utamwambia ukweli na akakataa, ziko namna nyingine ambazo dada anaweza kushika upande mmoja wa mzigo bila kuwa mwenye jino: kitanda cha Tabata siku za kliniki, nauli, vipimo. Mwingine angesema basi anunue hata bati mbili tatu. Sijui kama mumeo angelicheka hilo au angeosha pikipiki tena.

Ukienda Dar, hesabu safari pia. Kuonwa, kupandikizwa, kutolewa nyuzi, kusubiri miezi mitatu hadi sita mfupa ushike, kuchukuliwa vipimo vya jino, kuvalishwa. Safari tano au sita, na kila safari kuna mtu wa kukushikia darasa la watoto 87. Ukibaki Mtwara safari huna, lakini unamtegemea mtu wa mara moja kwa mwezi, na kidonda kikivimba katikati ya mwezi uwe na namba ya kupiga na mlango wa kugonga. Kila njia ina usiku wake wa wasiwasi. Chagua ule unaoweza kuulala.

Pesa ya korosho inakukimbiza, najua, nimekulia humo. Ila picha na kipimo cha sukari ni kipande kidogo sana cha pesa hiyo, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachouliza skrubu ni ya nani. Ukishavipata niandikie: mfupa umebaki kiasi gani, hilo la kijivu limesemwaje, na mumeo alikaa kiti cha pili au alibaki nje.

Hiyo supaglu, mwanangu, acha kabisa, si kitu cha kuingia mdomoni. Plastiki iliyopasuka ipeleke kliniki yoyote ya meno hapo mjini waiunge kwa dawa yake. Ukifika, mwambie yule wa dirishani kwamba wewe ni mwalimu na Jumatatu mnaanza silabi za F.